Mkojo wa Dume Jekundu

Dume jekundu halikutaka kufa. Wanaume wanne walilivuta kwa kamba, likawaburuta mpaka ukutani, likamkanyaga mmoja wao kidole cha mguu ndani ya buti lake la mpira, naye akapiga yowe la kitoto kabisa. Hata lilipoangushwa na kuchinjwa liliendelea kurusha mateke hewani, na damu ikaruka mpaka kwenye taa. Kisha likatulia. Watu wakajifuta nyuso, wakaanza kumcheka yule wa kidole.

"Umekanyagwa na kitoweo, halafu unalia!"

Tangu asubuhi ile jina lake likawa Kidole, na halijamtoka mpaka leo.

Wembe hakucheka. Alisimama pembeni na kisu chake chembamba akingoja zamu yake. Yeye alikuwa mchunaji, na jina la Wembe alipewa kwa heshima: miaka minane amechuna ngozi pale machinjioni bila kutoboa hata moja. Ngozi iliyochunwa na Wembe ungeweza kuinyoosha juani na usione tundu la kupitisha sindano. Lakini asubuhi ile hakuwa akiiwazia ngozi. Macho yake yalikuwa kwenye tumbo la lile dume, na mkono wake ulikuwa mfukoni, umeshika kichupa cha plastiki chenye kifuniko cha njano.

Matumbo yalipomwagwa sakafuni, akangoja mwosha utumbo ageuke kufuata maji. Akainama haraka, akakivuta kibofu, akakichoma kwa ncha ya kisu. Mkojo wa moto ukajaa kichupani. Akafunga kifuniko, akakifuta kwa aproni, akakitia mfukoni, akaanza kuchuna kama mtu asiye na neno na dunia.

Msidhani alikuwa mwendawazimu. Alikuwa mwoga, na woga nao una akili zake.

Miezi minne nyuma, kaka yake mkubwa, mchinjaji mkuu wa pale, mtu wa kifua na sauti waliyempa jina la Fahali, alipatwa na kizunguzungu cha sukari kisu kikiwa mkononi. Alipoanguka, kisu kikampasua mwenzake paja. Siku hiyohiyo msimamizi akapanda juu ya ndoo, akatangaza: "Kuanzia leo mwenye sukari hashiki kisu humu ndani. Sitaki mjadala." Fahali akatolewa mlangoni akitukana. Mwezi haukupita, figo zake zikagoma. Sasa alikuwa akilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, na daktari alikuwa ameagiza ndugu zake wote walete mkojo wao wa kwanza wa asubuhi. Vijiti vya kupimia damu vilikuwa vimekwisha hospitalini. Atakayeonekana salama kwenye mkojo, huyo ndiye angeitwa baadaye kwa vipimo vya damu, aonekane kama anaweza kutoa figo moja.

Na Wembe alijijua. Mwaka mzima alikuwa akiamka mara tatu kwenda msalani na kunywa maji kama aliyekula chumvi. Mwaka mzima mkojo wake ulikuwa ukisimama na povu, povu zito lisilotaka kuvunjika. Hakuhitaji daktari. Na kwa kuwa cheti cha afya cha machinjioni hugongwa mhuri katika hospitali ileile, akaamini moyoni kwamba faili ni moja: akipatikana na sukari leo, kesho msimamizi atapanda ndoo kwa ajili yake. Nani angemwambia vinginevyo? Hakuuliza mtu.

*

Chumba cha daktari kilikuwa na viti viwili tu. Mama alikaa kimoja, Fahali akajaza kingine. Mke wa Fahali alisimama nyuma ya mumewe, na ule ufa wa jino lake la mbele, alioupata kwa ngumi mwaka jana, ulionekana kila alipofungua mdomo, kwa hiyo hakuufungua sana. Dada yao wa mwisho, fundi cherehani, aliegemea kabati na tepe ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Wembe alikaa karibu na mlango.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alianza na fundi cherehani. Mkojo wake ulikuwa na sukari, na ulikuwa umeanza kuvuja protini.

"Ndiyo kusema nini?" fundi aliuliza.

"Ndiyo kusema huwezi kumpa mtu figo. Na wewe mwenyewe unaanza dawa leo."

Binti alikuwa na miaka ishirini na minne. Alishika tepe yake kwa mikono miwili, akaivuta mpaka Mama akamwambia, "Acha, utajinyonga."

Fahali akapiga meza. Kalamu zikaruka. "Nani anatumaliza sisi? Nataka jina! Nipe jina tu, daktari, mengine niachie mimi!"

"Ukipiga meza yangu tena nitamwita mlinzi," daktari alisema bila kupandisha sauti. Kisha akamgeukia Mama. "Baba yao alikufa na nini?"

"Alivimba."

"Kaka yake marehemu?"

"Alivimba. Na bibi yao mzaa baba, nasikia alivimba. Wote walikuwa na sukari."

"Kwenu wewe?"

Mama alikaza fundo la kanga yake. "Mjomba wangu," alisema.

Daktari akavua miwani. "Sikilizeni. Wenye sukari ni wengi. Kuna mtu anaishi nayo miaka thelathini, anazikwa mzee na figo zake nzima. Kuna mwingine anaipata leo, baada ya miaka michache figo zimekwisha. Hawa wawili wamekula chakula kimoja, wamekunywa dawa moja. Tofauti, kwa sehemu kubwa, iko ndani ya damu waliyozaliwa nayo. Tunaita vinasaba. Mtoto anavipokea kwa baba na kwa mama, kama anavyopokea pua. Si mchawi. Si vya jina moja, ni vingi, kila kimoja kinasukuma kidogo. Ukivipata na sukari ikaja, figo ndiyo inayopigwa kwanza."

"Vya kwetu umeviona?"

"Sina mashine ya kuvisoma hapa. Ninachosoma ni makaburi yenu."

"Kwa hiyo ni mimi na baba yao tuliowaua," Mama alisema.

"Sijasema hivyo, mama."

"Ndivyo nilivyosikia."

Daktari akaongeza kwamba wajukuu nao wapimwe kila mwaka, na kwamba mtoto aliye safi leo si lazima awe safi kesho, ila akijulikana mapema anatibika. Wembe alimfikiria binti yake wa miaka minne, akamfukuza kichwani kama unavyofukuza kuku sebuleni.

"Ila huyu," daktari alisema, akainua karatasi na kumtazama Wembe. "Hakuna sukari. Hakuna protini. Safi." Akaitazama tena ile karatasi, akakunja uso. "Wewe huli nyama, bwana? Mkojo wako kama wa mla majani."

Fahali aliangua kicheko. "Huyu? Daktari, huyu anashinda machinjioni! Huyu ni simba!"

Wakacheka wote, hata fundi cherehani mwenye machozi. Wembe naye alicheka, jasho likimtambaa mgongoni mpaka kiunoni.

Mke wa Fahali ndipo alipofungua mdomo. "Daktari, mimi nilisema nipimwe pia. Nilijiandikisha."

"Nakukumbuka. Tutangoja. Ndugu wa damu kwanza, mara nyingi damu yake inaoana zaidi. Huyu akishindikana, tutakuja kwako."

Fahali akasimama. Alikuwa amevimba miguu, viatu vyake vilikuwa ndala za mkewe. Akamfuata Wembe pale mlangoni, na Wembe, kwa mazoea ya miaka thelathini, akainua kiwiko kujikinga uso. Kovu la juu ya jicho lake la kushoto ni la bizimu la chuma la mkanda wa Fahali. Lakini mkono haukumpiga. Ulimzunguka shingo, ukamvuta, na Fahali akamlilia begani kwa sauti, wagonjwa wa nje wakachungulia.

"Mdogo wangu," alisema. "Umenifufua, mdogo wangu."

Tangu azaliwe Wembe hakuwahi kukumbatiwa na mtu yule. Na alipenda. Hilo ndilo lililomponza zaidi: alipenda.

*

Waliishi ua mmoja, vyumba vinne vinavyotazamana, bomba moja katikati. Wiki ile ya kwanza Wembe alikuwa mfalme wa ua. Mama alimchagulia nyama isiyo na mfupa. Shemeji alimfulia aproni yake ya kazi bila kuombwa. Fahali akampa kisu cha marehemu baba yao, kile chenye mpini wa pembe, ambacho kwa miaka kumi hakuruhusu mtu hata kukifutia vumbi.

"Kishike wewe," alisema. "Mimi mikono yangu imekwisha."

Miadi ya vipimo vya damu ilipofika, Wembe alisema kazi zimemzidi, ngozi zimerundikana. Wakaelewa. Miadi ya pili alisema ana mafua na daktari hapendi damu yenye mafua. Hapo wakaanza kutazamana. Fahali akafuta kicheko, akaanza kuhesabu siku kwa mkaa ukutani mwa chumba chake.

Mkewe Wembe ndiye aliyemwonyesha njia, bila kujua. Alikuwa akimsugua mtoto mgongo kwenye beseni alipomwambia, "Mimi nakuelewa. Mtu amekupasua uso kwa mkanda, amekuvunja kidole kwa mlango, leo ndiyo anakuita mdogo wangu? Usimpe. Wakikuuliza, waambie hutaki. Ni mwili wako."

Wembe alimtazama muda mrefu. Kumbe! Kumbe kulikuwa na uongo mwingine, mzuri zaidi, umekaa tayari miaka yote ukimngoja auchukue. Akiitwa katili, ataendelea kushika kisu. Akiitwa mgonjwa, hatakishika. Basi na aitwe katili.

Jioni hiyo alisimama katikati ya ua, karibu na bomba, akasema kwa sauti ya kutetemeka ambayo wote waliidhania ni hasira: "Sitoi. Mnajua kwa nini."

Mama alidondosha sufuria. Fahali alikuwa mlangoni kwake. Alirudi ndani, akafunga mlango, na kilichofuata ni sauti ya vitu kuvunjika na mkewe kulia. Mkewe ndiye aliyelipia, kama kawaida.

*

Machinjioni habari ilitangulia kufika. Kesho yake Wembe alikuta msumari wake wa kutundikia koti umetundikwa figo mbili za ng'ombe, zimefungwa pamoja kwa kamba, bado zinachuruzika. Damu ilikuwa imelowesha koti lake la kazi lililoning'inia hapo.

"Hizo zako," Kidole alisema huku akichechemea. "Jaza tumbo, mchoyo. Sasa utakuwa nazo nne."

Watu walicheka. Wembe alizitungua zile figo, akazitupa. Kidole akaziokota, akamrudishia, zikampiga shavuni.

Hakukumbuka alivyofika. Alijikuta amemlaza Kidole juu ya meza ya ngozi, goti kifuani, na kile kisu cha pembe kimegusa koo pale hasa anapoanzia mchinjaji. Kidole alikuwa amejikojolea. Wembe aliuona ule mkojo ukitiririka kwenye mguu wa meza, mkojo mweupe usio na povu, wa mtu mzima na afya zake, na wivu ukamshika, wivu mchungu kuliko hasira. Angemkata. Kweli, angemkata kwa ajili ya ule mkojo.

Wanaume watatu walimng'oa. Mmoja alimpiga ngumi ya mbavu, mwingine akamkanyaga mkono mpaka akaachia kisu. Msimamizi akaja, akamtemea mate miguuni.

"Mimi nina kaka mlevi, mwizi, kaniibia mpaka mlango," alisema. "Akiugua nitampa hata kichwa. Nenda kachune."

Akaenda akachuna. Mkono uliokanyagwa ulikuwa umekufa ganzi. Kwenye ubavu wa ng'ombe wa pili kisu kikapita, na tundu likafunguka kwenye ngozi, la ukubwa wa jicho. Miaka minane! Alikunja ngozi haraka, akaificha chini ya nyingine, wala hakuna aliyemsema. Hawakutaka hata kumsema.

*

Jumamosi, siku ya ishirini na moja tangu ile siku ya daktari, Fahali alirudi kutoka hospitalini mchana wa jua kali kabla ya saa zake. Mkewe alikuwa amemshika mkono. Mkono mwingine ulikuwa umefungwa bendeji nene kwenye kiwiko, na bendeji ilikuwa nyekundu.

"Mshipa umeziba," shemeji alimwambia Mama. "Mashine haikuvuta. Wamejaribu shingoni, amewapiga."

"Daktari kasemaje?"

"Watajaribu tena Jumatatu. Kasema hakuna muda. Kauliza ndugu yuko wapi."

Ndugu alikuwa bombani, ananawa miguu. Mkewe alikuwa akianika nguo. Fundi cherehani alisimamisha mashine yake barazani. Fahali aliuachia mkono wa mkewe, akavua mkanda, akauzungusha ngumini, bizimu likining'inia nje. Ulikuwa uleule.

"Ishirini na moja," alisema. "Nimehesabu."

Pigo la kwanza lilimpata Wembe mgongoni, la pili sikioni. Hakukimbia. La tatu liliifungua tena ile nyusi ya kushoto, palepale, kana kwamba bizimu lilikumbuka njia. Damu ikamjaa jicho. Mke wa Wembe alipiga kelele, akamrushia Fahali ndoo, ikampiga begani. Fahali akamsukuma kwa kiganja, akaangukia kamba ya nguo, mashuka yakamfunika.

"Toa sababu!" Fahali alikuwa akihema kama anayezama. "Kama ni mkanda, chukua nawe unipige! Nipige mpaka uchoke, kisha twende hospitali! Unataka nipige magoti?"

Na akapiga magoti. Mtu mzima, Fahali, kwenye matope ya bombani, akamnyooshea mdogo wake mkanda.

Hapo Wembe alimpiga. Hakuna aliyetegemea, hata yeye. Alimpiga ngumi ya uso, kisha nyingine, kwa sababu hakuvumilia kuombwa. Fahali akaangukia bega. Alipoinuka alikuwa ameshika kile kisu cha pembe, alichokichomoa kwenye ala kiunoni mwa Wembe, akakizungusha bila shabaha. Kikampasua Wembe mkono kutoka kiwikoni mpaka karibu na kifundo. Nyama ilifunguka, nyeupe kwanza, kisha nyekundu.

Mama akaja na mwiko. Hakumpiga mwenye kisu. Alimpiga Wembe, kichwani, mabegani, kwenye ule mkono wenye damu.

"Hukumpa figo, unampa ngumi? Mgonjwa? Nimezika mume, nimezika shemeji, sasa unataka nizike mtoto na wewe umesimama na viungo vyako vyote? Maziwa yangu uliyonyonya yakutokee puani! Sina radhi nawe, umesikia? Duniani na kaburini, sina!"

Mwiko ukavunjika. Bomba likabaki linadondoka.

Mtu anaweza kukubali kuitwa katili na machinjio yote, na mtaa mzima. Lakini radhi ya mama ni jambo jingine. Wembe alimtazama yule mwanamke anayehema na kipande cha mwiko mkononi, akaona hana tena pa kurudi nyuma. Akalivuta beseni la kufulia, akalimwaga maji, akalisukuma kwa mguu mpaka mbele ya Mama.

"Tazama," alisema.

"Unafanya nini?"

"Tazama tu, mama."

Akafungua suruali. Mbele ya mama yake mzazi, mbele ya shemeji yake, mbele ya dada yake, saa saba ya mchana. Fundi cherehani akageuza uso. Shemeji akasema, "Astaghafiru!" Mama aliinua kipande cha mwiko ampige tena, na mkono wake ukabaki juu.

Povu lilikuwa linapanda. Lilijaa beseni kama la mtu aliyekoroga sabuni, jeupe, zito, likipanda juu ya lenyewe, na damu ya mkono wake ikidondokea katikati na kufanya matundu mekundu. Alipomaliza halikushuka. Lilikaa.

Mama aliliangalia. Miaka miwili alikuwa amemwaga beseni la mumewe kila asubuhi. Baada ya hapo alikuwa amemwaga la shemeji yake, miezi sita. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alikaa chini palepale, kwenye matope, kipande cha mwiko kikamwanguka.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mwaka. Umepita."

"Na ule wa hospitali?" Fahali alikuwa bado ameshika kisu. "Ule msafi. Ulikuwa wa nani?"

Wembe alifunga suruali kwa mkono mmoja. "Wa dume jekundu."

Shemeji ndiye aliyeelewa kwanza. Akaanza kucheka. Alicheka vibaya, ufa wa jino nje, ameshika tumbo, machozi yakimtoka. "Mla majani! Daktari alisema! Alituambia, jamani, mla majani!"

"Nyamaza," Fahali alisema, lakini sauti haikuwa na nguvu. Alimtazama mdogo wake. "Kwa nini?"

"Wangeninyang'anya kisu. Kama wewe."

"Kwa hiyo nililia begani mwa ng'ombe," Fahali alisema taratibu. "Wiki tatu. Umekula wiki zangu tatu ili uchune ngozi."

"Ndiyo."

Kisu kilipanda. Wembe hakuinua kiwiko safari hii. Alisimama tu, damu ikimtoka mkononi na usoni, na kama Fahali angeshusha, basi. Fahali alikitupa. Kikagonga mlango, kikaanguka mbele ya mke wa Fahali.

Mkewe aliacha kucheka. Akainama, akakiokota, akakifuta kwenye kanga pande zote mbili.

"Figo zilizobaki humu uani ni zangu," alisema. "Nilisema tangu mwanzo nitatoa, nikaambiwa ningoje damu. Jumatatu nitakwenda kupimwa. Nitatoa, ama sitatoa, nitaamua mwenyewe njiani. Lakini ukiniinulia mkono tena kati ya leo na Jumatatu, ama baada yake, utazikwa na za kwako."

Fahali alikaa chini kando ya mama yake, miguu imevimba kama magunia, mkanda umelala matopeni.

Fundi cherehani alikuwa ameshachana kitambaa na kuufunga mkono wa Wembe, akikaza kwa meno, wakati mlango wa chumba cha Wembe ulipofunguka. Binti yake wa miaka minne alitoka, macho yamejaa usingizi wa mchana, poti yake ya bluu kichwani kama kofia.

"Nataka kukojoa," alisema.

Mama yake, aliyekuwa bado ameketi kati ya mashuka, akamkimbilia amrudishe ndani, asione damu. Bibi akanyoosha mkono.

"Mwache akojoe hapa."

Mtoto akaishusha poti, akachuchumaa katikati ya watu wazima. Akashangaa. Hajawahi kutazamwa hivyo akikojoa. Bibi alisogea kwa magoti. Mama wa mtoto alisimama ameshika shuka. Fahali naye akainama, akihema kwa mdomo. Wembe hakutaka kutazama, akatazama.

Mtoto alipoinuka, Bibi aliivuta poti juani. Kulikuwa na povu, kidogo, pembeni, kama lililopo kwenye mkojo wa kila mtu. Bibi akaanza kuhesabu kwa sauti.

"Moja. Mbili. Tatu." Tone la mwisho la povu likazunguka, likapasuka. "Nne."

Mama wa mtoto alipumua kwa kishindo, akamnyanyua binti yake, akambana kifuani mpaka mtoto akalalamika. Wembe alikumbuka maneno ya daktari, kwamba safi ya leo si ya kesho, akayameza.

"Nne," Fahali alisema. Akamgeukia mdogo wake, na kwa mara ya kwanza siku ile alimwita hivyo. "Mdogo wangu. La kwako linaisha kwa ngapi?"

Wembe akageuka. Beseni lilikuwa pale pale juani. Povu bado lilikuwa limejaa.